KIPUPWE KIMEINGIA: TUSIIACHE BUSTANI YA NYUMBANI

Mvua zimekwisha. Mahindi yamekauka shambani. Asubuhi ukitoka nje, pumzi yako inaonekana kama moshi. Hiki ndicho kipupwe. Kwetu katika nyanda za juu kusini, yaani Njombe, Makete na Mufindi, kipupwe huanza mwezi Juni na kwisha mwezi Agosti.

Watu wengi husema kipupwe ni wakati wa kuota moto. Jembe huwekwa pembeni. Watu hungoja mvua za Novemba. Lakini tujiulize. Mwezi Septemba na Oktoba tutakula mboga gani? Miezi hiyo ni mikavu. Mboga za mwitu zimekauka. Sokoni mboga ni chache na bei yake iko juu. Mwenye bustani anakula na anauza. Asiye na bustani anakula ugali na chumvi, na watoto wake wanakosa vitamini.

Mboga ya Oktoba hupandwa sasa. Kwa hiyo leo tutazungumza juu ya kazi za bustani wakati wa kipupwe.

SAKITU NI ADUI

Adui mkubwa wa bustani wakati huu ni sakitu. Sakitu ni unyevu wa hewani ulioganda na kuwa barafu. Asubuhi utaona majani yamekuwa meupe, kama mtu amemwaga unga. Jua likipanda, barafu inayeyuka. Mimea dhaifu inalegea, inakuwa myeusi, kisha inakufa.

Mimi mwenyewe nilipata somo. Mwaka mmoja nilipanda miche 60 ya nyanya. Niliipanda chini kabisa bondeni, karibu na kisima, ili nisichoke kuchota maji. Miche ilistawi vizuri. Fedha za nyanya zile zilikuwa za kununua sare za shule za watoto.

Jioni moja mbingu ilikuwa safi. Hapakuwa na wingu hata moja. Upepo ulikuwa umetulia. Mke wangu akasema, "Baba watoto, leo usiku sakitu itaanguka. Twende tukafunike miche."

Nikamjibu, "Mama watoto, nimechoka. Tutafunika kesho."

Asubuhi nilikuta miche yote imekufa. Sikubakiwa na mche hata mmoja. Mke wangu hakunigombeza. Alikaa kimya tu. Kimya kile kiliniuma kuliko maneno. Watoto walivaa sare zenye viraka mwaka ule mzima.

Jirani yangu alikuwa na nyanya juu kidogo, kwenye mteremko. Nyanya zake zilipona. Kwa nini? Hewa ya baridi ni nzito kuliko hewa ya joto. Usiku huteremka mlimani kama maji na kujaa bondeni. Kwa hiyo sakitu hupiga zaidi mabondeni kuliko kwenye miteremko.

JINSI YA KUZUIA SAKITU

1. Mimea inayoogopa sakitu ipandwe kwenye mteremko, siyo chini bondeni. Mimea hiyo ni nyanya, maharage, viazi, maboga na miche michanga ya parachichi.

2. Bondeni panda mboga zinazovumilia baridi. Hizo ni kabichi, sukuma wiki, karoti, vitunguu na njegere.

3. Tazama mbingu kila jioni. Ukiona hakuna mawingu na hakuna upepo, ujue usiku kuna hatari. Funika miche kabla jua halijazama.

4. Jenga kichanja kifupi juu ya kitalu. Weka nyasi juu yake. Nyasi zisilalie miche. Asubuhi, jua likipanda, ondoa nyasi ili miche ipate mwanga.

5. Udongo uwe na unyevu. Udongo wenye unyevu hutunza joto la mchana na kulitoa polepole usiku. Udongo mkavu hupoa upesi.

Kumbuka pia kwamba mabonde ni vyanzo vya maji yetu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Shughuli zinazoweza kuharibu eneo hilo zimekatazwa. Kisima kikikauka, bustani nayo imekufa.

KITALU CHA KABICHI NA SUKUMA WIKI

Ukisia mbegu mwezi Juni, utahamisha miche mwezi Julai. Sukuma wiki utaanza kuchuma Septemba. Kabichi utavuna karibu na Oktoba. Huo ndio wakati mboga zinapokuwa adimu.

Lima kitalu chenye upana wa mita 1, ili uweze kufikia katikati bila kukanyaga udongo. Changanya samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza miche. Chora mistari, na kati ya mstari na mstari acha sentimeta 15. Mbegu zisizidi kina cha sentimeta 1. Usizibananishe. Miche iliyobanana huwa mirefu na dhaifu.

Baada ya wiki 4 hadi 6, miche itakuwa na majani 4 au 5. Ihamishe jioni. Kabichi ipandwe kwa nafasi ya sentimeta 60 kati ya mistari, na sentimeta 45 kati ya mche na mche.

Karoti haipendi kuhamishwa. Isie moja kwa moja kwenye tuta. Ikiota, ng'oa iliyozidi ili ibaki sentimeta 5 kati ya moja na nyingine.

MAJI NA MATANDAZO

Wakati wa kipupwe jua si kali, lakini mvua hakuna. Je, utajuaje kwamba mimea ina kiu? Ingiza kidole katika udongo. Ukikuta ukavu mpaka kwenye kiungo cha pili cha kidole, mwagilia. Ukikuta unyevu, ngoja.

Mwagilia asubuhi baada ya sakitu kuyeyuka, siyo usiku. Majani yanayolala na maji hupata magonjwa upesi. Mwaga maji kwenye shina, siyo juu ya majani. Maji ya kuoshea mboga na ya kusuuzia vyombo yasimwagwe ovyo uani. Hayo nayo ni maji ya bustani.

Tandaza nyasi kavu kati ya kabichi na sukuma wiki. Matandazo huzuia maji yasipotee na magugu yasiote. Lakini kwa nyanya mahali penye sakitu, usitandaze. Udongo ulio wazi hupata joto la jua mchana, na usiku humpa mche joto hilo.

WADUDU

Kila asubuhi pita bustanini na utazame chini ya majani. Wakati wa ukavu vidukari huongezeka sana kwenye kabichi. Ni wadudu wadogo sana, nao hukaa kwa makundi. Wakiwa wachache, waponde kwa vidole. Wakiwa wengi, chukua lita 1 ya maji, weka kijiko kidogo cha sabuni ya maji, kisha uwanyunyizie. Siku ya kula, osha mboga vizuri.

Ukikuta mche umekatwa chini kama kwa kisu, huyo ni sota. Hukata usiku na kujificha mchana. Fukua udongo kwa kidole karibu na mche uliokatwa. Utamkuta amejikunja. Muue.

MITI YA MATUNDA NAYO INANGOJA

Hapa kwetu tuna miti ya matofaa, mapichi na plamu. Miti hii hupukutisha majani wakati wa kipupwe. Usifikiri imekufa. Imelala. Huu ndio wakati mzuri wa kuipogoa, kabla haijatoa maua.

Tumia mkasi au msumeno mkali. Kwanza kata matawi yaliyokauka na yenye ugonjwa. Kisha kata matawi yanayosuguana. Katikati ya mti paachwe wazi ili jua na hewa vipite. Lakini kwa mpichi uwe na hadhari. Matawi yaliyochipua mwaka uliopita ndiyo yatakayozaa. Ukiyakata yote, hutapata matunda.

MBOJI YA MVUA ZIJAZO

Mabua ya mahindi usiyachome moto. Ukiyachoma, umechoma mbolea. Yakate vipande vifupi na anza lundo la mboji. Weka tabaka la mabua, kisha majani mabichi, kisha samadi, kisha majivu kidogo na udongo. Mwagilia. Rudia mpaka lundo lifike kifuani. Lifunike kwa nyasi.

Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku chache kichomoe na ukiguse. Kikiwa cha moto, mboji inaiva vizuri. Kikiwa kikavu na baridi, ongeza maji. Geuza lundo baada ya wiki 3, na tena baada ya wiki 3 nyingine. Wakati wa baridi mboji huchelewa kuiva, kwa hiyo anza sasa. Novemba ikifika, utakuwa na mbolea usiyoinunua dukani.

KAZI NI YA WOTE

Bustani si kazi ya mama peke yake. Baba ajenge kichanja na kupogoa miti. Watoto wakitoka shule waondoe wadudu. Kazi ya nusu saa kila siku inatosha kwa bustani ndogo. Ukikwama, mwone bwana shamba au bibi shamba wa kijiji chako.

Siku hizi mimi hupanda nyanya kwenye mteremko. Na mke wangu akisema, "Baba watoto, leo mbingu ni safi," siulizi swali. Nachukua mundu, nakwenda kukata nyasi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Sakitu ni nini? Utajuaje jioni kwamba itaanguka usiku?
2. Kwa nini nyanya za bondeni zilikufa na za jirani zikapona?
3. Mboga gani zinavumilia baridi?
4. Katika kijiji chenu, mabua ya mahindi mnayafanyia nini?