Geji za Gari la Zamani Zipimwe Kwanza



Geji ya petroli ikidanganya, dereva huitwa mwizi. Geji ya joto ikidanganya, injini huungua na mshahara hukatwa. Basi tujue kuzipima.

Tuchukue Land Rover Series III, iliyotengenezwa 1971 hadi 1985. Geji hizo mbili hupata umeme kupitia kifaa kidogo nyuma ya dashibodi, kinachoshusha volti 12 za betri hadi kama 10. Zikikosea zote pamoja, shuku kwanza kifaa hicho na mahali kinapogusana na bodi. Kwetu pwani, kuanzia Palma hadi Mocímboa da Praia, chumvi hula viungio. Fungua waya wa betri, safisha kwa msasa, kaza.

Petroli: mimina katika tangi tupu lita 5 kila mara. Ngoja mshale utulie, kisha andika uliposimama. Moto na sigara viwe mbali.

Joto: injini ikiwa baridi, fungua kihisio cha joto. Kiunge na waya wake, na ubavu wake uunge na bodi. Chovya ncha katika maji yanayochemka. Hapa pwani hayo ni digrii 100. Mshale unaposimama, tia alama.

Mwendo: mshale ukiwa kwenye 60, kilomita moja iliyopimwa ichukue sekunde 60. Ikichukua 72, mwendo wa kweli ni 50.

Matokeo yaandikwe, dereva na msimamizi watie sahihi, na nakala moja abaki nayo dereva. Siku ya mashtaka, karatasi hiyo itamtetea.