Alama Moja, Matamshi Mengi: Mfano wa Kanji 生

Mwanafunzi aliyezoea maandishi ya Kiswahili, ambamo herufi huwakilisha sauti, hukumbana na mfumo tofauti anapojifunza Kijapani. Alama ya kanji huwakilisha maana. Matamshi yake huamuliwa na neno ambamo imetumika. Alama 生 ni kielelezo bora cha hali hii.

Alama hii ina mistari mitano, na wa mwisho kuandikwa ni ule mlalo wa chini. Asili yake ni mchoro wa chipukizi linalochomoza ardhini. Kutokana na picha hiyo zimezuka maana za kuzaliwa, kuishi, kuota na ubichi. Watoto wa Japani hufunzwa alama hii katika darasa la kwanza, miongoni mwa kanji 80 za mwaka huo.

Matamshi yake ni ya makundi mawili. Yapo yaliyotoka China, yaani *sei* na *shō*, ambayo hutokea sana katika maneno ambatani: *gakusei* (mwanafunzi), *tanjōbi* (siku ya kuzaliwa), na *sensei* (mwalimu), ambalo kwa asili ni 'aliyetangulia kuzaliwa'. Aidha, yapo ya Kijapani asilia. Hapa herufi za hiragana zinazofuata humwongoza msomaji: 生きる ni *ikiru* (kuishi), 生まれる ni *umareru* (kuzaliwa), na 生える ni *haeru* (kuota, kama nyasi au ndevu). Ikisimama peke yake husomwa *nama*, yaani -bichi.

Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuilinganisha alama hii na mzizi -za-, unaozalisha mzazi, kizazi na uzazi. Hata hivyo, katika Kiswahili kinachodumu ni sauti ya mzizi, ilhali katika kanji kinachodumu ni umbo.

Umuhimu wa jambo hili hudhihirika hata sokoni. Pakiti za chaza nchini Japani huandikwa ama 生食用 (wa kuliwa wabichi) ama 加熱用 (wa kupikwa). Anayeijua 生 kwa maana ya kuishi pekee hataielewa tofauti hiyo, na chaza wa kupikwa wakiliwa wabichi wanaweza kuleta maradhi.

Kwa hivyo, kukariri orodha ya matamshi hakutoshi. Kanji hujifunzwa ndani ya maneno, na maneno ndani ya matumizi.