Ukihama Matonge, hama na kura yako

Brussels ina manispaa 19. Ukivuka barabara tu, waweza kuwa umehama manispaa. Sisi tusio raia wa Umoja wa Ulaya sheria ya 2004 ilituruhusu kupiga kura za manispaa, tukijiandikisha, baada ya miaka mitano mfululizo ya ukaazi halali. Tulianza Oktoba 2006.

Daftari la wapiga kura hutokana na daftari la wakazi. Lakini wenzetu wakihama Matonge kwenda Anderlecht hutanguliza godoro, karatasi baadaye. Anwani mpya yatakiwa kuripotiwa ndani ya siku 8 za kazi, kisha polisi wa mtaa huja kuhakikisha. Asiyejulikana anapoishi hufutwa, na miaka yake mitano yaweza kukatika.

Uchaguzi ujao ni 2030. Tuliokimbia makwetu kwa sababu ya kura, tusiipoteze hii kwa uvivu.