Mstari Mwekundu Si Damu ya Vita

Kila Oktoba ikikaribia, swali ni lile lile kutoka Arua mpaka Koboko: mstari mwekundu katika bendera ya Uganda ni damu ya nani? Mmoja anataja askari wa Amin, mwingine raia waliouawa West Nile baada ya vita vya 1979. Hesabu ya miaka tu ingetosha kulizima. Bendera hii ilipandishwa tarehe 9 Oktoba 1962, zaidi ya miaka minane kabla ya mapinduzi ya Amin ya Januari 1971, na Amin mwenyewe hakuibadilisha. Ingewaombolezaje watu waliokuwa bado hai? Maana rasmi ni fupi: nyeusi ni Waafrika, njano ni jua, nyekundu ni undugu, kwa kuwa damu ya binadamu ni moja.

Mbishi atasema wapo waliokufa wakimpinga mkoloni kabla ya 1962. Ni kweli, Buganda ilikuwa na ghasia mwaka 1945 na 1949. Lakini itazame bendera iliyopendekezwa wakati chama cha DP kikiwa madarakani: kijani, buluu na kijani kwa wima, njano katikati yake, na korongo wa njano. Nyekundu haimo kabisa. Rasimu hiyo iliwekwa kando baada ya chama cha UPC kushinda uchaguzi wa Aprili 1962, ukaja mchoro unaohusishwa na Grace Ibingira, waziri wa sheria. Basi wekundu huu uliletwa na kura. Kosa lenyewe nadhani limevuka mpaka: ukitoka Oraba kuingia Sudan Kusini, au Vurra kuingia Kongo, utakuta bendera ambazo nyekundu yake kweli ni damu iliyomwagika, na Kenya ni hivyo hivyo. Anayetafuta historia ya West Nile katika bendera afadhali aanze na ile ya buluu yenye nyota moja ya dhahabu, ya dola ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyeshikilia eneo hili, wakati huo sehemu ya Lado, kabla halijapewa Sudan mwaka 1910, kisha Uganda mwaka 1914.

Kwa mnunuzi wa bendera ya Uganda, haraka: urefu uwe mara moja na nusu ya kimo, milia sita iliyo sawa, nyeusi juu, nyekundu chini, korongo aelekee mlingoti, na ukutani atazame kushoto kwako. Akitazama kulia, kitambaa kimegeuzwa; kigeuze tena. Lakini akiupa mlingoti kisogo, mwambie fundi akishone upya.