Nyumba ya mapumziko katika milima yetu: namna gani kuipanga



Wageni wanaofika Masisi wanapenda kusema kwamba inafanana na Uswisi: majani mafupi ya kijani, ng'ombe, fromaji, ukungu wa asubuhi. Ndiyo maana tangu wakati wa wakoloni watu wenye uwezo wamependa kujenga nyumba za kupumzikia juu ya vilima vyetu. Wazungu wa mashamba makubwa walijenga zao, pana, zenye shemine na baraza. Baada ya Zairianisasio ya mwaka wa 1973 mashamba mengi yalibadilisha wenyewe, na nyumba zilifuata mashamba. Siku amani itakapokaa, wengi watataka kujenga tena. Tunataka kueleza hapa namna nyumba ya kisasa inavyoweza kukaa mlimani kama vile imezaliwa pale, si kama sanduku lililoanguka toka kwenye kamyo.

Wengine watatuuliza: juu ya nini kuandika maneno ya nyumba za matajiri, wakati jamaa wengi wa Masisi wamelala chini ya basha? Ulizo hili ni la haki, na hatulikimbii. Lakini angalieni mahali nyumba hizi zinapojengwa. Zinakaa juu, na sisi tunakaa chini. Maji yao yanashukia kwetu, udongo wanaouchimba unashukia kwetu, njia ya gari yao inakata mashamba ya mama zetu. Tena watakaozijenga ni nani? Ni mafundi toka vijiji vyetu, na kesho ni sisi wenyewe tulio katika madarasa haya. Na kipimo kinachofaa nyumba ya tajiri kinafaa vilevile nyumba ya nyanya yako.

Tuanze na udongo, kwani pale ndipo wengi wanapokosa. Mtu ananunua kipande cha kilima, analeta picha ya nyumba iliyochorwa kwa ajili ya kiwanja cha sawasawa, halafu anaagiza vijana wachimbe mpaka mlima uwe sawasawa na picha. Tufanye hesabu kidogo. Nyumba ina urefu wa metre 12 na upana wa metre 10, na mteremko ni wa 30 kwa 100, maana yake ukishuka metre 10 umepoteza kimo cha metre 3. Ukikata kiwanja kimoja chote ndani ya mlima, unatoa udongo kubiki 180, na nyuma ya nyumba unabakia na ukuta wa udongo wa metre 3 unaokutazama usiku na mchana. Sasa gawanya nyumba ileile katika ngazi tatu, kila moja chini ya nyingine kwa metre 1: unatoa kubiki 60 tu. Ni moja ya tatu. Na ule ukuta mmoja wa metre 3 umegeuka kuta tatu za metre 1, ambazo fundi wa kawaida anaweza kuzijenga kwa mawe bila kuogopa, alimradi aache matundu ya kupitisha maji chini. Ukuta usio na matundu si ukuta, ni kizuizi cha maji kinachongoja mvua kubwa.

Nyumba ya ngazi namna hii inafuata mlima. Kutoka mbali macho hayaoni jengo moja refu, yanaona paa tatu ndogo zinazoshuka pamoja na kilima. Na tukumbuke nyumba ndefu inapashwa kulala kwa kufuata mstari wa kimo kimoja, sawa vile wakulima wetu wanavyochimba mifereji ya kuzuia mmomonyoko. Kile kifaa cha miti mitatu chenye umbo la A, chenye kamba na jiwe, ambacho wanakitumia kwa mifereji, kinafaa kabisa kuchora msingi.

Halafu maji. Milimetre moja ya mvua juu ya metre moja ya mraba ni litre moja. Paa la metre 12 kwa 8 lina metre za mraba 96. Mvua ya milimetre 50 mchana mmoja, na sisi tunazijua mvua za Aprili na za Novemba, inatoa litre 4.800, ni kusema mapipa 24 ya litre 200. Zamani maji yale yalianguka juu ya majani na kuingia polepole. Sasa yanaanguka mahali pamoja, chini ya ukingo wa manjanja, na yanatafuta njia. Tarehe 4 Mei 2023, kule Bushushu na Nyamukubi katika Kalehe, mvua ilishusha mawe na matope toka milimani na watu zaidi ya 400 walikufa. Si nyumba ya mapumziko iliyoleta msiba ule. Tunautaja ili mtu asiseme kwamba maji ya kilima ni maneno madogo. Basi paa liwe na mfereji, mfereji uende kwenye tanki, na ziada ya tanki iende kwenye shimo lililojaa mawe au mfereji uliopandwa matete pembeni. Kuielekeza kwenye shamba la jirani, hapana.

Mahali gani kwenye kilima? Kila mwenye pesa anataka kileleni, ili aone yote. Shida ni kwamba na yote yanamwona yeye. Nyumba ya kileleni inakata mbingu. Hata uipake rangi gani, haitajificha. Kisha kuna radi. Utafiti wa satelaiti uliotangazwa mwaka wa 2016 uliweka Sake, mlango wetu wa Masisi, kati ya sehemu kumi za dunia zinazopigwa na radi zaidi, pamoja na Kabare na Butembo. Kujenga peke yako kileleni katika inchi kama hii ni kuita radi kwa jina. Bondeni nako si vizuri: usiku hewa ya baridi inashuka na kulala pale, pamoja na ukungu. Na upande wa Sake na Goma, katika mashimo ya inchi, kuna mazuku, ile hewa nzito isiyo na harufu inayoua mbuzi na watu. Mahali pazuri ni begani mwa mlima, chini kidogo ya kilele, penye miti nyuma. Mwinjili wa Matayo anatueleza juu ya mjenzi wa mwamba na mjenzi wa mchanga. Hakutaja mjenzi wa kileleni, lakini tunafikiri angemweka upande wa wapumbavu.

Jambo lingine ni jua. Vitabu vingi vya nyumba za milimani vinatoka Ulaya, na mtu akivifuata hapa anapotea. Kule jua la baridi linatoka kusini, basi vioo vikubwa vinatazama kusini. Na paa linainama sana kwa ajili ya teluji. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, nyuzi moja na kitu kusini yake. Saa sita jua liko karibu juu ya kichwa: mwezi wa Juni linainama nyuzi 25 hivi upande wa kaskazini, Desemba nyuzi 22 hivi upande wa kusini. Kwa hiyo ukuta wa kusini au wa kaskazini haupati joto mingi. Joto letu ni la asubuhi, toka mashariki, kabla mawingu ya mchana hayajapanda. Weka vyumba vya kulala na baraza ya kunywea chai upande wa mashariki. Paa litoke nje ya ukuta kwa metre 1 hivi, linalinda ukuta na mvua ya upepo, na linatia kivuli juu ya vioo. Hii ni faida mbili, maana kioo kikubwa kisicho na kivuli kinameta kama taa kwa mtu aliye kilima cha pili, na usiku kinatoa joto lote nje. Shemine iwe katikati ya nyumba, si kwenye ukuta wa nje ambako nusu ya moto inawapasha nyasi.

Sasa tuzungumze juu ya vitu vya kujengea, na hapa tuko na mifano mizuri karibu. Kule Butaro, kaskazini ya Rwanda, hospitali iliyofunguliwa mwaka wa 2011 ilijengwa kwa mawe ya volkano ambayo wakulima waliyaona kuwa taabu katika mashamba. Mafundi wa palepale waliyachonga na kuyapanga karibu karibu, na leo watu wanatoka mbali kuangalia zile kuta. Bisate, chini ya volkano za Rwanda, nyumba za wageni zilizofunguliwa mwaka wa 2017 zina paa za mviringo za nyasi, kwa kufuata umbo la jumba la mfalme la Nyanza. Zinakaa kwenye mteremko kama vichuguu. Na kwetu, Rumangabo, watalii wa Parki ya Virunga walilala katika nyumba za mawe ya lava na nyasi, chini ya miti.

Je, na sisi tulete lava? Hapo tuangalie. Mawe meusi ya Sake yalimwagwa na Nyamulagira, kwa mfano katika miaka ya 1938 hadi 1940 moto wake ulipofika mpaka ziwani. Pale Sake nyumba ya mawe meusi inakaa nyumbani kwake. Ukiyapandisha kwa kamyo mpaka Muheto, kati ya majani na udongo mwekundu, yanakuwa mageni, tena yanakula pesa ya mafuta. Kwetu yachukuliwe mawe yanayotoka katika msingi wenyewe, matofali ya udongo wetu, mbao za mikalipitusi iliyokauka vizuri, na mianzi kwa dari. Nyasi za paa ni nzuri kwa macho, lakini zinataka kubadilishwa, na zinaogopa moto wa shemine. Sisi tunachagua manjanja, ila si kuyaacha yang'ae. Wengi wanafikiri rangi ya kijani ndiyo inaficha. Kumbe kijani cha rangi ya duka hakifanani na majani hata siku moja. Rangi ya kahawia iliyoiva, au kijivu cheusi kidogo, yenye giza kupita kilima, ndiyo inayorudi nyuma, sababu jicho linaiona kama kivuli cha miti.

Nyumba ya mapumziko yenye sifa kupita zote za namna hii iko Marekani, katika Pennsylvania. Frank Lloyd Wright aliichora mwaka wa 1935 kwa ajili ya tajiri mmoja wa maduka ya Pittsburgh, jamaa ya Kaufmann. Wenyewe walitazamia nyumba inayoangalia maporomoko ya maji. Yeye akaiweka juu ya maporomoko yenyewe, kwa mawe yaliyovunjwa palepale, na baraza za betoni zinazotoka hewani bila nguzo. Inaitwa Fallingwater. Ni nzuri kweli. Lakini baraza zile zilianza kuinama tangu mbao za kushikilia betoni zilipoondolewa, na mwaka wa 2002 ilibidi kuzikaza kwa kamba za chuma. Tunaomba wajenzi wetu wachukue mawe ya Wright, waache baraza zake. Inchi yetu inatetemeka: Bukavu Februari 2008, Goma Mei 2021 baada ya Nyiragongo. Ukuta wa mawe ufungwe juu kwa mkanda wa betoni yenye vyuma, kuzunguka nyumba yote, na paa liwe jepesi.

Njia ya gari imesahauliwa na karibu wote. Mara nyingi inaumiza kilima kupita nyumba yenyewe: kidonda chekundu kinachopanda moja kwa moja, na mvua ya kwanza inakigeuza korongo. Gari libaki chini, watu wapande kwa miguu dakika tano. Waliokuja kupumzika hawatakufa kwa kutembea.

Na karatasi. Sheria ya Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Mwenye kujenga anapashwa kuwa na hati yake na ruhusa ya kujenga. Hiyo ni lazima, lakini haitoshi katika Masisi, ambako maneno ya udongo yamemwaga damu. Kilima kinachoonekana kitupu kinaweza kuwa na mwenyewe aliyekimbia vita na ambaye hajarudi. Waulizwe wazee, waulizwe majirani wa pande zote. Kuna pia vijia ambavyo havijaandikwa mahali popote: cha kuteka maji, cha shule, cha kupeleka ng'ombe kunywa. Mchoraji avipime kwanza, avitie kwenye karatasi kwa rangi nyekundu, halafu atafute mahali pa nyumba katika nafasi iliyobaki.