Moshi unaotoka ni feza inayopotea

Wandugu wa machimbo, huko Misisi na pengine mu Fizi, kila mwenye jenereta anajua bei ya mazutu. Lakini sogeza mkono karibu na bomba la moshi: utaungua. Joto lile umelinunua kwa feza yako, nalo linaenda hewani bure. Katika mazutu uliyomimina, ni karibu sehemu moja kwa tatu tu inayogeuka umeme.

Mashini kubwa za gesi ziko na ugonjwa ule ule: moshi wa turbini unatoka na joto la nyuzi 500 na zaidi. Ngambo ya Tanganyika, kule Dar es Salaam, dawa yake iko. Kiwanda cha Kinyerezi II, kilichozinduliwa mwaka 2018, kiko na turbini 6 za gesi. Moshi wake hautupwi ovyo: unachemsha maji, na mvuke unazungusha turbini 2 zingine. Jumla ni megawati 240, na sehemu yake inatokana na joto lile, bila kuongeza gesi.

Kunabaki hewa ya kaboni, ile CO2 inayozidisha joto la dunia. Nayo inaweza kunaswa: moshi unapitishwa katika dawa ya maji inayoishika, kisha dawa inachemshwa, CO2 inatoka peke yake na kufungiwa chini kabisa katika miamba. Lakini kuchemsha kule kunakula nguvu ya kiwanda. Ndiyo maana ni ghali, na viwanda vya gesi vinavyofanya hivyo ni vichache duniani. Anayetaka kunasa moshi, sharuti kwanza aokoe joto.

Na sisi? Jenereta moja inayofanya kazi sawasawa, mukiitumia pamoja, inakula mazutu kidogo kuliko tatu zinazonguruma bila kazi ya kutosha.

Lakini kuna moshi mbaya zaidi: ule wa motopompi iliyoshushwa shimoni. Uko na monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu, inaua mtu kama usingizi. Tunajua kwa nini watu wanaishusha: pampu ikiwa juu haivuti maji kupita mita 7 hivi. Basi shimo likizidi hapo, tumieni pampu ya umeme inayozama, jenereta ibaki inje, mbali na mdomo wa shimo. Na mwenzako akianguka ndani, usimfuate mbio. Zima mota, ingiza hewa kwanza. Wengi wamekufa wakienda kuokoa.