Betri ya Tochi Iliyochoka Bado Ina Nguvu

Katika nyumba nyingi, tochi ikififia, mawe yake hutolewa na kutupwa. Watu husema, "Yamekufa." Lakini sivyo. Betri mpya ya tochi ina volti 1.5. Ikishuka hata kufikia volti 1, tochi haiangazi tena vema, lakini nguvu ingalimo. Kijana mwenye subira aweza kuitumia kwa chombo cha kujitengenezea mwenyewe, naye atajifunza jinsi transista inavyogeuza umeme wa volti chache uwe wa volti nyingi.

Transista ni nini? Ni kidude chenye miguu mitatu: besi, kolekta na emita. Ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1947 katika maabara za Bell huko Marekani. Ifikiri kama mlango. Umeme kidogo ukiingia kwa besi, mlango hufunguka, na umeme mwingi hupita toka kolekta hata emita. Ule mdogo ukikatika, mlango hufungwa. Mlango uliofunguka nusu hupoteza nguvu, na transista hupata moto. Ndiyo sababu mafundi huifanya ifunguke kabisa na kufungwa kabisa, tena upesi upesi.

Vitu vinavyotakiwa ni hivi: transista moja, kama 2N3904 au BC547, risista ya omu 1,000, taa ndogo nyeupe ya LED, pete ndogo ya feraiti, itokayo katika vyombo vya umeme vilivyoharibika, na nyaya mbili nyembamba zenye ganda.

Zizungushe nyaya zote mbili pamoja katika pete, mara 15 hivi. Unganisha mwanzo wa waya mmoja na mwisho wa waya wa pili, upeleke kiungo hicho kwenye chanya ya betri. Ncha moja iliyobaki iende kwa kolekta; ya pili ipite katika risista, iende kwa besi. Emita iende kwenye hasi. Mguu mrefu wa taa uunge kwa kolekta, mfupi kwa emita.

Je, yafanyaje kazi? Umepata kusukuma mkokoteni wenye mzigo? Ukishika mwendo, hausimami mara moja. Umeme ndani ya waya uliozungushwa una tabia hiyo hiyo. Transista ikifunguka, umeme hushika mwendo. Ikifungwa ghafula, umeme hukataa kusimama, volti hupanda, nao hupenya katika taa inayohitaji volti 3 hivi. Kisha mambo huanza tena, maelfu ya mara kwa sekunde, hata jicho huona mwanga mmoja tu.

Wala usidhani kwamba nguvu imeongezeka. Volti zikipanda, wingi wa umeme hupungua. Betri ikishuka chini ya volti 0.6 hivi, mlango haufunguki tena. Hapo imekwisha kweli. Itoe isije ikavuja, wala usiitupe motoni.

Taa isipowaka, badilisha kati yao ncha mbili za waya mmoja. Tena tazama miguu ya transista. Uso bapa ukikuelekea na miguu ikiwa chini, 2N3904 toka kushoto ni emita, besi, kolekta. BC547 ni kinyume chake. Wengi hukwama hapo.

Nanyi wazazi, msimzuie kijana apendaye kazi hii, ila mwekeeni mpaka. Kuna vyombo vinavyogeuza volti 12 za betri ya sola kuwa volti 230. Navyo hutumia transista zinazofunguka na kufungwa, lakini umeme wake huua. Asiviguse, wala asifungue kitu kilichounganishwa na umeme wa nyumba, mpaka afundishwe na fundi mwenye ujuzi. Betri moja ya tochi yatosha kwa kuanzia. Haraka haraka haina baraka.